Waya ya tere ni ya volti ngapi? Kontroleri amekataa 300/500 lakini shaba tupu amekubali

chukudu_elec (Goma, Ndosho)

Bandugu mafundi, salamu kwenu wote. Niko na swali inanisumbua tangu siku ya pili na kontroleri atarudi siku ya ine, kwa hiyo munisaidie mbele nipoteze kazi.

Nimefunga moto (umeme) mu nyumba moja ya orofa huku kwetu, ni sawa geti hauzi ndogo, vyumba 9, jiko ya gazi, na chini kuko biro yenye makamera na intaneti. Kable yenye kuingia mu tablo (sanduku ya kugawa moto) ni 16 mm² ya shaba, na tere kubwa (waya ya usalama yenye kuenda mu udongo) kutoka bareti (chuma penye tere zote zinakutana) mpaka mu tablo nayo ni 16. Prizi ya tere (shaba yenye kushika udongo) sikupiga pike (fimbo ya chuma), munajua huku Goma kupiga pike mu mawe ya volkano ni kuvunja nyundo na kuchoka bure, kwa hiyo mbele wamwage beto nililaza shaba tupu ya 25 chini ya msingi, ikazunguka nyumba yote. Ile nilijifunza kwa mukubwa wangu mwenye alinifundisha kazi.

Halafu kutoka bareti nikatoa waya ya majani na manjano ya 6 mm² kuenda kufunga bomba ya maji, bomba ya gazi na vyuma vya paa, ile tunaita ekipotansieli. Sasa kontroleri mwenye bwana nyumba aliita akafika, akawasha tochi yake, akasoma kwenye waya: 300/500 V. Akasema ondoa, waya zote za nyumba ni 450/750, hii iko peke yake. Nikauliza mbona mukubwa, hii ni tere haina moto. Akaniuliza: "Wewe fundi, hii waya unaiweka mu basi tansheni ao mu tre basi tansheni?" Yaani volti ya chini ao ya chini kabisa. Nikanyamaza. Kusema kweli sikujua nijibu nini. Tena kipande kimoja nilikipitisha mu njia ya makable ya kamera, nayo akaiandika mu karatasi yake kuwa nimechanganya.

Sasa chenye kinaniumiza kichwa ni hiki, ile shaba tupu ya mu udongo haina hata plastiki, hakuna volti imeandikwa popote, na ile alipiga picha akasema kazi nzuri!! Yaani waya yenye plastiki ya 300 ni mbaya kuliko waya yenye haina plastiki kabisa? Na kama tere ni volti sifuri, hizi volti za nini tena?

---

fazi_na_netri (Goma, Birere)

Ndugu yangu huyo anatafuta "maji ya kunywa" tu 😂 tere ni sifuri, hata waya ya telefone inaweza kufanya tere, minafanya hii kazi miaka mingi na hakuna nyumba imeungua. Mupe kitu kidogo aende.

---

mzee_katuba (Lubumbashi)

Wewe wa Birere, nyumba haijaungua juu bado haijapata siku yake. Usifundishe batoto vile.

Chukudu, swali yako ni muzuri kuliko unavyofikiri, miye nimefanya kazi ya moto mu makampuni ya migodi huku Katanga mpaka nikapata mvi na nimeona bainjinia banaikosea. Nitajibu polepole, unisamehe kama inakuwa murefu.

Ya kwanza, tere haiko sifuri. Ni sifuri siku zenye hakuna shida, na waya ya tere hatukuifunga juu ya siku zile. Chukua nyumba yako. Tuseme prizi yako ya tere iko na omu 80 (omu ni kipimo cha upinzani), na tere ya kule kwenye transfo ya mutaa iko na omu 10. Fazi (waya yenye moto) inagusa karkasi (mwili wa chuma) ya frigo. Moto unatoka mu fazi, unapita mu karkasi, mu waya yako ya majani na manjano, unaingia mu udongo, unarudi ku transfo. 230 gawanya kwa 90, ni ampa 2 na nusu hivi. Zidisha ile ampa kwa omu 80 zako, unapata karibu volti 204. Maana yake, waya yako yenye unaita sifuri, na bareti, na bomba ya maji, na mulango wa chuma wa mama wa jiko, vyote viko kwenye volti 204 kupita udongo wa mbali. Na dijonkteri (yenye kukata moto ukizidi) ya 16 ampa haisikii kitu, ampa 2 na nusu kwake ni kama taa na televizio. Ni ile difrensieli (yenye kukata moto ukivuja mu udongo) tu njo itakata. Kwa hiyo mutu asikuambie tere haina volti.

Lakini angalia vizuri, zile 204 ni kati ya waya na udongo wa MBALI. Kati ya waya na vitu vyenye vimefungwa nayo, bomba, chuma ya paa, sakafu yenye vyuma, kuko kidogo sana, juu vyote vimepanda pamoja. Ile njo kazi ya ekipotansieli: haizuie volti kupanda, inafanya vitu vyote vipande pamoja ili mutu mwenye kugusa viwili asisikie tofauti. Sasa kama kazi ya waya ni kugusana na kila chuma, plastiki yake inamukinga nani? Hamuna. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa, IEC 60364 sehemu ya 5-54, inaruhusu waya ya tere iwe na plastiki ao iwe tupu, hata ikiwa ndani ya kifuniko kimoja pamoja na fazi. Na NF C 15-100 ya Wafaransa, yenye sisi huku Kongo tulisomea, inaenda njia moja nayo.

Ya pili, swali ya kontroleri, basi tansheni ao tre basi tansheni. Jibu ilikuwa: mukubwa, tere haina darasa yake ya peke. Madarasa ni ya sirkwi (njia ya moto). Mpaka volti 50 za moto wa kubadilika (ao 120 za moto wa batri) ni tre basi, kutoka pale mpaka 1,000 (ao 1,500 za batri) ni basi tansheni. Waya ya tere haibebe volti ya kazi, inafuata sirkwi yenye inakinga. Tere ya prizi ya 230 inahesabiwa na prizi yake, inatembea nayo. Ni sawa mutoto, jina anachukua kwa baba, hajichagulie.

---

chukudu_elec (Goma, Ndosho)

Mzee aksanti sana, ile hesabu ya 204 nimeifanya mara tatu ku karatasi na nikaogopa kidogo juu mulango wa jiko ni wa chuma kweli 😅

Lakini sasa kama tupu inakubalika, basi kontroleri amekosea kunikatalia ile ya 300/500? Nimwambie? Ni mutu wa hasira kidogo

---

mwl_kadutu (Bukavu)

Usimwambie bado. Subiri nikuulize kitu.

Mimi nafundisha moto mu shule ya ufundi huku Bukavu na hizi namba mbili ndizo watoto wanazikariri bila kuzielewa kila mwaka. 300/500 maana yake plastiki imejengwa kuvumilia volti 300 kati ya shaba na udongo, na 500 kati ya waya mbili zenye kulala pamoja. 450/750 vilevile. Kiwandani ile ya 450/750 wanaijaribu na volti 2,500, ile ya 300/500 na 2,000. Mtandao wetu ni 230 kati ya fazi na udongo, 400 kati ya fazi na fazi. Kwa hiyo kwa VOLTI peke yake 300/500 inatosha hata kwa fazi, sembuse tere! Kama kontroleri alikataa juu ya volti, sababu yake ni dhaifu. Sababu ya kweli ya kutumia 450/750 ndani ya tiyo (bomba ya kupitisha waya) ni aina ya waya: waya moja moja yenye kupita mu tiyo za nyumba inatakiwa kuwa H07V (ile U ngumu, R ya nyuzi nene, K ya nyuzi laini), na H05V ni ya ndani ya tablo, ndani ya mashine, ndani ya taa. Ni swali ya ugumu wa plastiki na mahali pa kuilaza.

Na kuko kanuni ingine yenye inamuhusu huyu wa Birere na waya yake ya telefone: ukiweka sirkwi za volti tofauti mu tiyo moja, kila waya mule ndani iwe na plastiki ya kuvumilia volti kubwa kuliko zote zenye ziko mule. Kwa hiyo kama unatafuta volti ya waya ya tere, usiitafute ndani ya tere yenyewe, uangalie majirani zake. Iko peke yake ku ukuta? Hakuna mtu wa kuiuliza. Iko mu tiyo na fazi za 400? Chukua H07V kama wenzake, maneno yaishe.

Sasa swali langu. Umesema waya yako ni ya 6 mm², ni waya moja (si kable yenye waya nyingi ndani), na imeandikwa 300/500. Sivyo? Soma tena vizuri kuko nini kingine kimeandikwa.

---

chukudu_elec (Goma, Ndosho)

Ndiyo mwalimu ni waya moja, laini. Imeandikwa "H05V-K 6mm2 300/500V" halafu jina fulani yenye sijawahi kusikia. Rangi ni majani na kalaini kembamba ka manjano. Nilinunua ruleti mbili, moja bado haijafunguliwa.

---

mwl_kadutu (Bukavu)

Haya ndiyo niliyoogopa.

Ndugu yangu, H05V-K ya 6 mm² haiko! Ile familia ya waya inaanza 0.5, inaenda 0.75, inaishia 1 mm². Kuanzia 1.5 kupanda juu inaitwa H07V-K na inakuwa 450/750 moja kwa moja. Mwenye aliandika "H05V-K 6 mm2" alikuwa anaandika maneno tu, sawa mtu anayechapa diploma bila kusoma. Ukiona waya yenye inadanganya jina lake, usiamini hata kimoja cha mengine yaliyoandikwa, si volti, si mm².

Na ile rangi. Waya ya tere ya kweli, ukipima kipande chochote cha milimita 15, rangi moja lazima ifunike angalau 30 kwa mia na isipite 70 kwa mia ya uso wa waya. Kalaini kembamba haitoshi. Si urembo, ni ili fundi ageuze waya upande wowote aone zote mbili.

Fanya hivi leo jioni. Chukua kisu, kwaruza nyuzi polepole. Kama chini ya wekundu unaona weupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Halafu pima uzito wa ile ruleti nzima. Shaba ya 6 mm², mita 100, bila plastiki inapita kilo 5 (5.4 kama ni kamili). Na kama uko na omumeta nzuri ya kupima chini ya omu moja, mita 100 isipite omu 0.33.

---

fazi_na_netri (Goma, Birere)

Mwalimu unatuharibia biashara huku Birere 😂😂

bon lakini kweli, nimeenda kukwaruza ruleti yangu moja ya 2.5 hapa nyumbani. Iko nyeupe. Sisemi kitu tena.

---

dada_tansheni (Bukavu, Nguba)

Karibu kwenye ukweli kaka wa Birere 🙂

Mimi nafanya telekomu, ma antena na masava, naomba nijibu ile ya njia ya makamera juu hamujaigusa na pale kontroleri amekosea nusu.

Chukudu, kuko waya mbili tofauti zenye zote ni majani na manjano na watu wanazichanganya. Moja ni tere ya sirkwi, ile inatoka mu tablo na fazi na netri (waya ya kurudisha moto) kuenda ku prizi. Ile isiache wenzake. Ilale pamoja nao mu tiyo moja ao karibu kabisa, juu siku fazi inagusa masi (mwili wa chuma wa chombo) moto unaenda na kurudi, na ukitenganisha njia ya kuenda na ya kurudi unatengeneza duara kubwa, moto unapata upinzani zaidi na dijonkteri inachelewa kukata. Kwa hiyo kama ulipitisha tere ya prizi mu njia ya makamera na fazi iko upande mwingine, pale kontroleri ana haki. Si juu ya volti lakini, ni juu ya kutenganisha.

Ingine ni ile ya ekipotansieli, bareti kuenda ku bomba, ku baraza ya sava (kabati ya mashine), ku mulingoti. Ile kulala pembeni ya makable ya intaneti haina kosa yoyote, tena sisi tunaiweka pale KUSUDI. Makable ya data yenye ngao ya chuma yakiunganisha majengo mawili ao orofa mbili zenye tere tofauti, ile ngao inageuka kuwa waya ya tere bila kupenda, inabeba moto wenye haukuandikiwa, mwishoni inaungua ao kadi ya sava inakufa. Tukilaza pembeni yake waya nene ya ekipotansieli, moto mwingi unachagua ile nene. Kwa hiyo mwambie hakuna mchanganyiko wa basi na tre basi pale, kuko waya yenye inasaidia kable ya jirani.

Kitu kimoja tu cha kuangalia, kama makamera yako yanakula volti 12 ao 24 kutoka transfo ile ya kutenganisha kabisa (tunaita TBTS, tre basi tansheni ya usalama), usifunge tere ku mojawapo ya zile nyuzi mbili. Usalama wake wote unatoka pale kwamba haijuani na udongo. Ukiifunga ku tere inakuwa kitu kingine chenye masharti mengine.

Na tena juu ya volti. Ninyi mnabishana 300 ao 450, huku kwetu tunakaa na radi. Kabare, pale juu tu ya Bukavu, iko kati ya mahali dunia nzima penye radi zinapiga sana. Radi ikipita mu waya ya tere, kila mita moja ya waya inaweza kupata volti 10,000 kwa nukta ndogo sana, ni juu ya haraka yenye moto unapanda nayo, wala si unene wa waya. Sasa plastiki ya 450 itafanya nini pale? Wala ya 1,000. Dawa ni waya fupi, yenye kunyooka, bila kuizungusha duara mu kofre eti ibaki urefu wa akiba. Niliwahi kukuta fundi mmoja amezungusha mita 4 vizuri kabisa kama kamba ya mbuzi nyuma ya parafudre (kinga ya radi). Parafudre ilikuwa mpya. Vyombo vyote vilikufa.

---

mzee_katuba (Lubumbashi)

Binti ya Bukavu amesema. Ile ya kuzungusha waya iandikwe ku milango ya shule.

Miye narudi juu kuko kitu tumeacha, na ni ile njo kubwa kuliko zote. Chukudu, ulisema tere kubwa yako ni 16 mm². Ekipotansieli kubwa, ile ya bareti kuenda ku bomba na ku paa, inatakiwa ifike nusu ya tere kubwa ya nyumba, na isishuke chini ya 6 mm² ya shaba, na haina lazima ya kupita 25. Nusu ya 16 ni 8. Hakuna waya ya 8 ku soko, kwa hiyo unaenda 10.

Kwa hiyo hata kama waya yako ingekuwa shaba safi, H07V-K ya kweli, 450/750 imeandikwa na wino wa dhahabu, ile 6 ni ndogo. Kontroleri alisoma volti na akaacha milimita. Na pale miye nasikia uchungu kidogo, juu ku waya ya tere milimita njo zinaokoa mutu. Fazi ikianguka, moto mingi unapita pale kwa sekunde, waya nyembamba inapata joto, inalainika, inakatika, na kuanzia pale kila chuma kinabaki na moto bila njia. Na ile ya aluminiamu yenye kupakwa shaba ni mubaya zaidi, upinzani wake ni kama mara moja na nusu na kitu ya shaba, na pa vis inakula kutu nyeupe polepole mpaka inalegea na hakuna mutu anasikia juu tere ikikatika taa zinaendelea kuwaka. Fazi ikikatika mama anapiga kelele saa ile ile. Tere ikikatika hakuna mwenye atalalamika.

Na ile shaba tupu ya 25 mu udongo, alikubali juu ni sawa kabisa. Mu udongo waya yenye haina kinga ya kutu ni 25 ya shaba, yenye iko na plastiki ya kuikinga na kutu inaweza kuwa 16. Unaona sasa? Mule plastiki inahesabiwa, lakini inahesabiwa kama koti ya mvua. Volti haimo.

Ulipima omu ngapi?

---

chukudu_elec (Goma, Ndosho)

Bandugu, narudi na habari.

Nilikwaruza. Nyeupe 😞. Ruleti yenye haijafunguliwa nikaipeleka ku muuza mihogo jirani ana mizani, na plastiki yake yote haikufika hata kilo 3 na nusu. Mwalimu ulisema shaba peke yake inapita 5. Nimerudisha kwa muuzaji, akasema mali ikitoka haingii tena, halafu nikamuonyesha ile "H05V-K 6mm2" na kisu mbele ya wateja wengine, akakubali ile yenye haijafunguliwa. Yenye nilishafunga ni juu yangu.

Nimenunua H07V-K ya 10 kwa duka ingine, nikapima uzito mbele ya kulipa, mwenye duka alicheka lakini akaniachia. Nimeibeba na chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) mpaka shantie (mahali pa kazi), nimeondoa zote za zamani. Tere za prizi ziko na fazi zake mu tiyo moja, nimeangalia moja moja. Yenye inapita mu njia ya makamera ni ya ekipotansieli tu ya kuenda ku baraza ya intaneti, nimeiacha pale. Parafudre nilikuwa nimezungusha waya (dada usinicheke, si mita 4, ni mbili), nimeikata.

Omu: nimepima 71. Duara ya shaba iko na urefu wa mita 46. Sijue kama ni mbaya, mutu mmoja mu shantie ananiambia lazima iwe chini ya 5 na anataka nichimbe shimo niweke makala na chumvi.

---

mwl_kadutu (Bukavu)

71 juu ya mawe ya volkano ni kazi nzuri, usikate tamaa. Hesabu ya haraka: kwa waya yenye imelazwa, unachukua ugumu wa udongo mara mbili, ugawanye kwa urefu. Ukirudi nyuma na 71 na mita 46, udongo wako uko kama omu-mita 1,600. Pike moja ya mita 2 mu udongo ule ingekupa kama 800! Sisi huku mu udongo wa mfinyanzi tunapiga pike mbili tunapata 20 na tunajiona mafundi sana, kumbe ni udongo tu.

Chini ya 5 ni maneno ya transfo na ya mitambo ya telekomu. Nyumba yenye difrensieli unapima na volti 50: 50 gawanya kwa ampa ya difrensieli. Ukiweka 500 mA (nusu ampa) pa kichwa (mwanzo wa tablo) ni omu 100, ukiweka 300 mA ni 166, na 30 mA ya ku prizi haina wasiwasi hata kidogo.

---

mzee_katuba (Lubumbashi)

Weka 300 pa kichwa, usiweke 500. Leo ni mvua, 71 yako ni ya mvua. Kiangazi udongo ukikauka itapanda, hata huku kwetu mu udongo mwekundu mwezi wa munane namba haziko zenye tulipima mwezi wa pili. Kati ya 71 na 100 nafasi ni ndogo, kati ya 71 na 166 unalala.

Na chumvi acha. Chumvi inakupa namba nzuri siku ya kontroli, mvua inaiosha, na yenye inabaki inakula shaba yako. Kama unataka kushusha, ongeza urefu ya ile shaba, ifike ku bustani penye udongo iko nyeusi.

---

fazi_na_netri (Goma, Birere)

Chukudu ile duka ingine iko wapi? Nauliza tu 😅

---

chukudu_elec (Goma, Ndosho)

Nakuandikia pembeni. Beba mizani.

Mzee, difrensieli ya pa kichwa ilikuwa 500 kweli, nimeibadilisha asubuhi hii, ya 300. Kontroleri anakuja kesho saa tatu. Akiniuliza tena basi ao tre basi nitamujibu kwamba inafuata sirkwi yake, halafu nimuulize yeye ekipotansieli ya 16 inatakiwa milimita ngapi, lakini polepole, na heshima, juu bado hajatia saini.